Je, Adamu na Hawa walisamehewa? Uchambuzi wa kisa kimoja cha kikundi cha Biblia Kampala

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya viongozi wa vikundi vya kusoma Biblia. Majina, mtaa na alama zote za kuwatambulisha wahusika zimeondolewa, na waliohusika zaidi walisoma maandishi haya wakaridhia yatumike. Nilizungumza na kiongozi na baadhi ya wanakikundi baada ya mambo kutulia. Sikuwamo chumbani mjadala ulipokuwa ukiendelea.

Usuli

Kikundi kinakutana Alhamisi jioni katika mtaa mmoja wa kusini mwa Kampala, kwenye chumba cha fundi cherehani. Wengi ni watu wa Kivu na Ituri, mashariki mwa Kongo, waliokimbia vita, pamoja na Waganda wachache waliojifunza Kiswahili jeshini au mpakani. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, lakini anayetafuta mahubiri ya Kiswahili mjini bado anatafuta sana. Makanisa ya jirani yanatumia Kiganda au Kiingereza. Kwa hiyo hapa wamechanganyika Wakatoliki, Waanglikana, Wapentekoste na Msabato mmoja. Kinachowaunganisha ni lugha. Mafundisho yao yanatofautiana.

Kiongozi ni mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, na wote wanamwita Mwalimu. Watu wengine wanne watatajwa sana humu. Mzee ni Mwanglikana aliyelelewa katika Uamsho, ile harakati iliyotoka Gahini, Rwanda, na Uganda miaka ya 1930 ikaenea Afrika Mashariki yote. Ndiyo iliyowapa watu wa huku jina la Balokole, yaani waliookoka. Katekista ni Mkatoliki. Kijana ni mwimbaji wa kwaya ya Kipentekoste, ana Maandiko mengi kichwani na hana subira. Wa nne nitamwita Mama.

Kikundi hicho hicho kina sanduku la akiba lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Mama alikuwa mmoja wao. Miezi kadhaa kabla ya kisa hiki alipokea marejesho ya mkopo nje ya kikao, na badala ya kuyaweka sandukuni akampa kaka yake aliyekuwa na mtoto hospitalini. Alikiri mwenyewe kabla hajaulizwa, akalipa kidogo kidogo hadi deni likaisha. Wakamwambia, "Tumekusamehe, Mama." Kisha wakampa mwingine ufunguo. Hakuna aliyemweleza kama ungerudi kwake au la. Hilo likaachwa lining'inie.

Swali lilivyoingia

Liliingia kwa mlango wa matanga. Jirani Mwislamu alikuja kuwapa pole wafiwa, na katika mazungumzo akasema kwamba kwao Adamu na mkewe waliomba msamaha wote wawili wakakubaliwa. Alisoma maneno ya Kurani, Sura ya 7, aya ya 23, wanapokiri kwamba wamedhulumu nafsi zao, akaongeza kwamba Sura ya 2, aya ya 37, inasema toba ya Adamu ilipokewa. Hakuwa akibishana, alikuwa akifariji. Lakini mmoja wa kina mama aliondoka na swali, akalileta Alhamisi: Biblia yetu inasema walisamehewa wapi?

Watu wakafungua Mwanzo 3 wakiamini jibu litaonekana mara moja. Halikuonekana.

Alhamisi ya kwanza

Kijana ndiye aliyetangulia. Hoja yake ilikuwa fupi na nzito: hakuna msamaha bila toba, na katika Mwanzo 3 hakuna toba. Mungu anauliza, Adamu anajibu, "Huyo mwanamke uliyenipa awe pamoja nami ndiye aliyenipa matunda ya mti huo, nikala." Lawama inamwendea mke, na kwa chini chini inamwendea Mungu aliyempa huyo mke. Hawa naye: "Nyoka alinidanganya, nikala." Hakuna aliyesema nimekosa. Kijana akasoma 1 Yohana 1:9, tukiziungama dhambi zetu, akasisitiza hilo neno la kwanza.

Mzee alikubaliana naye nusu. Katika Uamsho, alisema, mtu akisimama kuungama anaanza na "mimi". Angesimama mtu mbele ya ndugu akaanza na "huyu mke wangu", wasingemwimbia Tukutendereza, wimbo wao wa sifa. Wangemwambia akae, arudi siku akiwa tayari. Hata hivyo Mzee huyo huyo ndiye aliyewapeleka kwenye 3:21, Mungu anapowafanyia mavazi ya ngozi na kuwavika. Kwake hilo ni tendo la mzazi aliyesamehe. Akaenda mbele zaidi: ngozi imetoka kwa mnyama, mnyama amechinjwa, damu imemwagika, na Waebrania 9:22 inasema pasipo kumwaga damu hakuna ondoleo.

Hapo Mwalimu aliingilia kwa swali moja: mstari unasema mnyama alichinjwa? Wakasoma tena. Hausemi. Mungu anafanya mavazi, Mungu anavika, basi. Mzee alikubali kwa shingo upande kwamba sadaka ni tafsiri ya wahubiri, hata kama ni ya zamani na wengi wanaipenda.

Katekista akaleta Hekima ya Sulemani, sura ya 10, ambapo Hekima inamlinda baba wa kwanza wa ulimwengu na kumtoa katika kosa lake. Kwake suala lilikuwa limekwisha. Kwa nusu ya chumba halikuwa limeanza, kwa sababu kitabu hicho hakimo katika Biblia zao. Wakapotea kwa muda mrefu katika ubishi wa vitabu gani ni Maandiko, na swali la Adamu likasahaulika pembeni.

Halafu mwanamume mmoja akatoa 1 Timotheo 2:14, Adamu hakudanganywa ila mwanamke, akamalizia kwamba kama ni hatia, ni ya Hawa. Kina mama waliokuwa kimya wakawaka. Mmoja alimjibu kwa Warumi 5, ambako Paulo anarudia na kurudia mtu mmoja, kosa la mmoja, na mmoja huyo ni Adamu. Hawa hatajwi kabisa. Jibu zuri, na lilimnyamazisha yule bwana, ila joto lilikuwa limeshapanda.

Alhamisi ya pili: ubao na kura

Mwalimu alikuwa amewaagiza wasome Mwanzo 3 hadi 5 nyumbani, pasipo kwenda kitabu kingine, na waandike kila jambo analofanya Mungu baada ya tunda kuliwa. Alipofika alichora safu tatu ubaoni: hatia, adhabu, msamaha. Kila aliyeleta jambo aliulizwa liandikwe wapi.

Nadhani hii ndiyo dakika iliyokuwa bora kuliko zote katika kisa kizima. Mara moja watu wakaona mambo yasiyokaa walipotarajia. Laana, kwa mfano. Karibu wote walikuja wakiamini Adamu na Hawa walilaaniwa. Kwenye maandishi anayelaaniwa ni nyoka (3:14) na ardhi (3:17). Wale wawili wanapewa uchungu, jasho na kifo. Hakuna mahali wanaambiwa "umelaaniwa". Mtu wa kwanza katika Biblia kuambiwa hivyo ni Kaini, sura inayofuata.

Mwalimu aliwaeleza kwamba jambo hilo aliliona Irenaeus, askofu wa Lyon, aliyeandika karibu mwaka 180. Wakati huo kulikuwa na mwalimu aitwaye Tatian aliyefundisha kwamba Adamu hakuokolewa. Irenaeus alimpinga vikali: ikiwa Kristo alikuja kumtafuta kondoo aliyepotea, itakuwaje amwache yule aliyepotea wa kwanza? Akaongeza hoja ambayo chumba kizima kiliicheka kwa furaha. Adamu, kwa maoni yake, alionyesha majuto kwa majani aliyoyachagua. Majani ya mtini yanakwaruza mwili. Yalikuwepo mengine laini, akavaa yanayowasha. Kijana alisema hiyo ni hoja ya wakili aliyeishiwa mashahidi. Mimi niko upande wa Kijana hapo, lakini inaonyesha kwamba ukimya wa Mwanzo 3 kuhusu toba uliwasumbua Wakristo mapema sana.

Swali la hatia lilichukua muda zaidi. Je, sisi tuna hatia ya tendo la Adamu? Mmoja alisoma Ezekieli 18:20, mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Mwingine akarudi Warumi 5. Katekista alieleza vizuri kuliko nilivyotarajia kwamba Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya 1992 inaiita dhambi ya asili hali tunayoipokea, si tendo tulilolitenda. Mtoto mchanga hajavunja amri yoyote, amezaliwa katika nyumba ambayo neema ilishatoka. Mwalimu akasema Waorthodoksi wanakwenda mbali zaidi: tunarithi kifo na udhaifu, hatia ya Adamu ni ya Adamu. Na Augustino, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, ambaye mafundisho ya hatia ya kurithi yanamtegemea kuliko mtu mwingine yeyote, aliandika katika barua kwamba karibu Kanisa lote linakubaliana kuwa Kristo aliposhuka kuzimu alimfungua Adamu. Hukumu kali kwa wazao, na bado baba yao hakuachwa. Ningependa wangekaa hapo zaidi.

Hawakukaa. Saa ilikuwa imekwenda, na mtu mmoja akataka mambo yafungwe: tupige kura, walisamehewa au hawakusamehewa? Mwalimu akaruhusu. Mikono mingi iliinuka kwa "hawakusamehewa", na sababu iliyosemwa kwa sauti ilikuwa moja: walifukuzwa. Makerubi na upanga wa moto walilinda njia. Aliyesamehewa hafungiwi nje ya geti.

Mama hakuinua mkono upande wowote. Aliuliza, "Kwa hiyo aliyetolewa nje hajasamehewa?" Mtu akamjibu kwa wepesi, "Ndivyo ilivyoandikwa, Mama." Akafunga Biblia, akachukua kanga yake, akatoka. Wengi hawakuelewa. Mwalimu alielewa kabla mlango haujafungwa.

Maamuzi, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutomfuata usiku ule. Mama ni mjane, na mwanamume kumfuata gizani kungezua maneno ambayo yangemuumiza upya. Kesho yake Mwalimu alimtuma mke wa Mzee pamoja na Mzee mwenyewe. Mama aliwaambia kwamba tangu anyang'anywe ufunguo alikuwa akijiuliza kama ule msamaha ulikuwa wa mdomoni tu. Kura ya Alhamisi aliisikia kama jibu.

Wa pili ulikuwa kutenganisha mambo mawili. Suala la sanduku lingekwenda kwa kamati ya akiba, na kwenye somo la Biblia Mama asingetajwa wala kudokezwa. Kulikuwa na shinikizo. Baadhi walitaka Alhamisi inayofuata iwe ya upatanisho, Mama asimame, wamkumbatie, waimbe. Mzee, ambaye maisha yake yote yamepita katika kuungama hadharani, ndiye aliyekataa. Alisema Mama alishaungama. Kumsimamisha tena ni kumfanya alipe deni mara mbili.

Wa tatu ulikuwa kulirudia swali badala ya kulizika. Mwalimu angeweza kuhamia kwa Nuhu. Aliona kwamba kura imeacha fundisho lisilo sahihi vichwani mwa watu, nalo ni kwamba kuondolewa mahali ni uthibitisho wa kutosamehewa, na kwamba fundisho hilo lingewafuata nyumbani, kwenye ndoa zao na kwa watoto wao.

Alhamisi ya tatu

Mama hakuwepo. Mwalimu alianza na 2 Samweli 12. Daudi anasema nimefanya dhambi, na nabii Nathani anamjibu papo hapo, "BWANA naye ameiondoa dhambi yako, hutakufa." Mstari unaofuata mtoto anatangaziwa kifo. Msamaha umetamkwa waziwazi na matokeo hayakufutwa. Kisha Musa: katika Hesabu 20 anaambiwa hatawaingiza watu katika nchi ile, wala hakuingia, na Zaburi ya 99 inamtaja yeye na Haruni miongoni mwa waliosamehewa na Mungu ingawa aliwapatiliza, yaani aliwaadhibu kwa matendo yao. Katika visa vyote viwili aliyesamehewa alibaki nje ya kitu alichokitamani.

Baada ya hapo ndipo wakarudi Edeni, na mara hii walisoma sababu iliyotajwa ya kufukuzwa. Mwanzo 3:22 inasema ni ili mtu asinyoshe mkono akala matunda ya mti wa uzima akaishi milele. Katekista alitoa maelezo ya mababa wa Kanisa kwamba kuishi milele katika hali ile ingekuwa adhabu kubwa kuliko kufa. Wengine hawakushawishika, lakini waliacha kusema kwamba geti lilifungwa kwa chuki.

Na waliangalia maisha ya nje ya geti. Anapozaliwa mwana wa kwanza, Hawa anasema amempata kwa BWANA. Anapozaliwa Sethi baada ya msiba wa Habili, anasema Mungu ndiye aliyempa. Mwishoni mwa sura ya 4 watu wanaanza kuliitia jina la BWANA. Mwanamke aliyeuliza swali la kwanza alisema mtu asiyesemeshana na Mungu hazungumzi hivyo. Kijana akajibu kwamba hata hivyo si ungamo. Wote wawili walikuwa sawa, na Mwalimu aliwaacha hivyo.

Kitu cha mwisho kilikuwa picha aliyoileta Katekista, ya Ufufuo kama Waorthodoksi wanavyouchora: Kristo amesimama juu ya milango ya kuzimu iliyovunjika, amemshika Adamu na Hawa mikono, anawatoa makaburini. Mzee aliuliza kwa nini amewashika kwenye kifundo cha mkono badala ya kiganja. Katekista alieleza kwamba kazi yote ni ya anayevuta. Mfu hana nguvu ya kushika.

Matokeo

Kikundi hakikufikia kauli moja, na hakuna aliyepiga tena kura. Kijana alihama kutoka "hawakusamehewa" hadi "haikuandikwa", na hilo si dogo kwa mtu wa aina yake. Mzee bado anaona damu katika mavazi ya ngozi, ila sasa anatanguliza maneno "mimi naamini". Wanaume wawili waliona mambo yamelegezwa na wakaacha kuja.

Kamati ya akiba iliandika kanuni iliyokosekana: aliyekiri na kulipa anaendelea kuweka akiba na kukopa kama wengine, ufunguo anaweza kuugombea tena baada ya mzunguko mmoja kamili wa akiba, kwa kura ya siri. Mama alisomewa kanuni hiyo nyumbani kwake kabla haijasomwa kikaoni. Alirudi Alhamisi baada ya wiki chache. Mzunguko ulipokwisha aliulizwa kama angependa kugombea, akasema hapana, ufunguo ni mzigo, waupe wenye magoti imara.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni ubao wenye safu tatu. Mjadala wa Adamu na Hawa huwa unakwama kwa sababu watu hubeba maswali matatu katika gunia moja: nani ana kosa, nini kilimpata, na uhusiano uliishia wapi. Mwanzo inajibu la kwanza na la pili kwa maneno mengi. La tatu inalijibu kwa matendo tu, tena machache: Mungu anawatafuta, anawavika, anaendelea kuwapa watoto. Kiongozi anayesema "walisamehewa, imeandikwa" anadanganya, na anayesema "hawakusamehewa, imeandikwa" anadanganya vilevile. Mwalimu alikuwa mkweli juu ya hilo hata lilipomnyima ushindi, na swali lake kuhusu mnyama asiyetajwa liliwafunza watu kutofautisha mstari na mahubiri.

Kura ndiyo iliyoharibu. Mwalimu aliniambia aliiruhusu kwa sababu ya saa, na kwa sababu watu waliotoka nchi ambako maamuzi hufanywa na wenye bunduki huithamini sana kura. Sababu ya pili naiheshimu. Lakini jambo la kutafsiri Maandiko halina walio wengi, na mikono hewani iligeuza maoni ya uchovu kuwa kauli ya kikundi. Ubaya zaidi ni kwamba ilipigwa kabla safu ya tatu haijajazwa, yaani walihukumu msamaha kwa kuangalia safu ya adhabu.

Kosa la mapema zaidi, hata hivyo, liko nje ya Biblia. Kikundi kilimwambia Mama amesamehewa pasipo kumweleza ni nini kingebaki na kwa muda gani. Kumwondolea ufunguo kulikuwa sawa. Fedha ni za watu. Kilichokosekana ni kutenganisha mambo mawili kwa maneno: deni lako limekwisha, na ufunguo ni jambo jingine ambalo tutaliamua hivi na hivi. Bila maneno hayo alilazimika kujitafsiria mwenyewe, na mtu mwenye aibu hujitafsiria vibaya. Ni ajabu kwamba Mwanzo 3 inamweleza Adamu kila kitakachompata, jambo kwa jambo, na kikundi kilichokuwa kikiisoma hakikufanya hivyo kwa mmoja wao.

Kutumia waliooana kumtembelea Mama, na kukataa kumsimamisha, kulimlinda. Sina hakika kama kikundi kisicho na mtu kama Mzee kingeweza. Katika mazingira yetu shinikizo la ushuhuda wa hadharani ni kubwa, na ni vigumu kwa kijana au mgeni kulipinga. Ilibidi likataliwe na mtu ambaye hakuna angeweza kumwambia haelewi kuungama.

Jambo moja liliachwa wazi nami ningelirudisha mezani. Yule bwana wa 1 Timotheo alinyamazishwa na Warumi 5, hakujibiwa. Kina mama walishinda usiku ule, lakini mstari alioutaja bado umo katika Biblia zao, na yeye ni mmoja wa wale wawili walioondoka. Mwalimu amepanga kuusoma na kikundi mwakani, na amewaomba kina mama wawili waliandae somo pamoja naye.